Kitambaa Cheupe cha Dirishani

Sijui kwa nini watu wa zahanati wamenishikia bango mimi. Wanaojua kuandika wamejaa tele, wana kalamu mbili mbili mfukoni, lakini yule muuguzi wa mapokezi kaja kunikalisha chini: "Bibi, tuandikie ile habari yako ya moshi, wagonjwa waisome wakisubiri zamu." Nikamwambia shule niliiacha darasa la pili, na sababu ya kuiacha nayo haikuwa ya heshima. Akasema andika unavyoongea. Haya. Herufi zangu zimekaa kama kuku waliokurupushwa na mvua. Anayetaka kucheka aje kwanza afue mashuka ishirini kabla ya saa nne, ndipo tuongee.

Tena kujisema uso kwa uso sitaweza. Nimezoea kusema wengine. Kwa hiyo nitamsema huyo mama kama vile simjui, na nitamwita Dobi, maana ndiyo kazi yake. Mkiona anafanana na mimi, ndiye. Msiulize mara mbili.

Basi, Dobi huyo alikuwa anafua mashuka na foronya za nyumba ya wageni, na huo ulikuwa mwaka wake wa thelathini na nane kazini. Weupe wa shuka zake ulikuwa ndio dini yake ya pili. Akishaanika, alisimama kando ya kamba mikono kiunoni, na mpita njia akigeuza shingo aliambiwa, "Tazama kwa mbali, usizichafue kwa macho." Alijiona hakuna mwanamke msafi kama yeye toka barabarani mpaka mtoni. Na kama alikuwepo, basi alikuwa bado hajazaliwa.

Mume wake alikuwa Fundi Saa. Mzee mpole, mwembamba, mwenye kioo cha jicho moja, anayeweza kukaa nusu siku akitafuta kijiskrubu kilichodondoka bila kumlaumu mtu. Meza yake ilikuwa chumbani, chini ya dirisha linalotazama uani, kwa sababu saa zinataka mwanga. Na nje ya dirisha hilo, hatua mbili tu, ndipo Dobi alipoweka pipa lake la kuchemshia mashuka, juu ya mawe matatu. Ukimuuliza kwa nini hapo, alisema ukuta unakinga upepo. Uongo. Aliliweka hapo ili apate kumgombeza mumewe bila kuacha kazi.

Sasa njooni kwenye moto wenyewe. Kuni za watu wengine zinataka kubembelezwa na kupulizwa mpaka macho yatoke. Za Dobi zilikuwa hazina jeuri hiyo. Alikuwa na siri yake: soli za viatu vya mpira. Fundi Viatu wa pale kona alimwekea soli kuukuu kwenye gunia, na Dobi alitia mbili chini ya kuni, akaongeza na mifuko ya nailoni juu, akawasha. Moto ulilipuka wenyewe. Moshi mweusi mnene ulipanda ukutani, ukafika dirishani, ukachungulia ndani, ukaingia. Fundi Saa alinyanyuka taratibu akafunga dirisha. Moshi ukapita kwenye nyufa. Dobi akasema moyoni, "Mzee huyu hapendi jua." Miaka mingi alisema hivyo. Mtu mwenye akili timamu!

Na Jumamosi ilikuwa siku ya usafi. Dobi alifagia ua wote, akakusanya makopo, chupa za plastiki, mabaki ya nepi, vitambaa, maganda, akachoma. Majirani nao walileta za kwao, maana walimjua ni mtu wa usafi. Yeye alijipiga kifua kwamba anasafisha mtaa. Kumbe takataka alikuwa anazihamisha tu: anazitoa chini anazipeleka hewani, na kutoka hewani zinahamia vifuani mwa watu, ambako hakuna ufagio unaofika.

Kifua cha mzee kilianza kupiga mluzi kidogo kidogo. Kwanza asubuhi tu, kisha kutwa nzima.

"Baba Watoto," Dobi alimtania kupitia dirishani, "leo kuna mechi? Mbona filimbi haikomi?"

"Refa amechoka," alijibu mzee, "lakini wachezaji hawataki kutoka uwanjani."

Dobi akacheka. Hakujiuliza wachezaji ni nani.

Siku moja, saa nne hivi, akasikia kitu kimeanguka ndani. Alikuta mzee kashika meza kwa mikono miwili, mabega yanapanda na kushuka, midomo imebadilika rangi, na saa ya mteja iko sakafuni imefunguka. Yule mzee asiyeweza kuangusha hata sindano! Walimkimbiza zahanati. Daktari alikuwa binti mdogo, wa umri wa mjukuu wake, na Dobi hakumpenda tangu mlangoni, kwa sababu alimwambia akae kimya kwanza.

Akampa mzee dawa ya kuvuta mdomoni, akamsikiliza mgongo, kisha akauliza, "Anavuta sigara?"

"Sigara? Huyu hata kiberiti kinamkera," akajibu Dobi.

"Nimemuuliza yeye, Bibi."

"Yeye hana pumzi ya kukujibu. Niulize mimi."

"Haya. Nyumbani mnapikia nini?"

"Mkaa. Tena nje, barazani."

Hapo ndipo alipoharibu, na hakujua kwamba ameharibu. Aliulizwa anapikia nini, akajibu anapikia nini. Pipa si jiko. Pipa ni kazi, na ndani yake hajawahi kupika hata punje ya maharage. Basi pipa halikutajwa, wala soli, wala Jumamosi.

Daktari akatikisa kichwa. Akaeleza kwamba moshi una vijichembe vidogo kuliko vumbi la unga, na vinashuka mpaka chini kabisa kwenye mapafu, vinakaa, vinachubua, njia za pumzi zinavimba na kuwa nyembamba. Moyo nao unafanya kazi ya ziada. "Mapafu haya hayakuchoka leo," akasema, "yamekula moshi miaka mingi. Utafuteni unakotoka muuondoe. Mkishindwa kuuondoa moshi, mwondoeni yeye."

Maneno hayo ya mwisho yalisikiwa na binti yao, aliyepigiwa simu mzee alipoanguka, akaja toka mji mwingine kwa basi la kwanza alilolipata. Binti huyo karithi ukaidi wa mamake wote, hakuacha hata robo.

"Mama, Jumapili ya wiki ijayo naja kumchukua Baba. Kwangu kuna hewa, kuna miti. Atakaa na mimi."

"Kwa muda gani?"

"Mama, umemsikia daktari."

Miaka arobaini na minne Dobi na Fundi Saa walikuwa hawajalala nyumba mbali mbali, isipokuwa siku chache za misiba. Dobi hakulia. Alirudi uani akachukua shuka lililokwisha kukamuliwa, akalikamua tena.

Alipomaliza, alikuwa ameshampata mwenye kosa. Nani tena? Fundi Magari! Ng'ambo ya barabara, kijana mwenye gereji, malori yanaunguruma pale tangu asubuhi bila kwenda popote, yanatema moshi kama yamekula pilipili. Dobi akajifunga kibwebwe, akaenda kwa Mwenyekiti wa mtaa.

"Fungia yule. Anamuua mume wangu."

Mwenyekiti, mtu mchovu mwenye tai iliyolegea, alimtazama. "Mama, kila siku naletewa maneno. Niletee ushahidi."

"Ushahidi? Nitakuletea mpaka uombe po!"

Na hapa Dobi alitumia akili yake yote, ambayo, kama mtakavyoona, ingekuwa nusu yake mambo yangemwendea vizuri zaidi. Alichana shuka kuukuu vipande vinne, akavichovya kwenye wanga ili vishike kila kitakachopita. Kila kipande alikishona uzi pembeni, kama anavyofanya kwa nguo za wateja zisichanganyike. Uzi wa bluu alitundika kwenye uzio wa gereji. Wa njano, karibu na mashine ya kusaga nafaka. Wa kijani, penye mti wa umeme kando ya barabara. Kikabaki kimoja.

"Hicho cha nne cha nani?" aliuliza mzee kutoka mezani kwake, sauti imetoka kidogo kidogo.

"Cha akiba."

"Kitundike hapa dirishani."

"Hapa cha kazi gani?"

"Ili watu waone nyumba safi inavyokuwa."

Uso wake ulikuwa mkavu kama wa mtoto aliyemaliza sukari. Dobi alivimba kichwa kwa furaha. Wazo zuri kweli! Akakishona uzi mwekundu, rangi ya nguo za nyumbani, akakitundika kwa ndani, pembeni palipofichwa na pazia.

Vitambaa vilikaa siku saba. Katika siku hizo Dobi alichemsha mapipa matano, na Jumamosi akafanya usafi kama kawaida. Siku ya kuvitoa, alivikunja vile vitatu vya nje bila kuvitazama, maana alitaka utamu wote uwe mbele ya watu. Cha dirishani alikikunja mzee mwenyewe, akakifunga kwa uzi wa saa.

"Kifungue cha mwisho," akamwambia.

Barazani kwa Mwenyekiti walikusanyika majirani, Fundi Viatu, mwenye mashine ya kusaga, na Fundi Magari ndani ya ovaroli lake. Dobi alisimama na kapu lake kama mtu anayekwenda kutuzwa. Akafungua cha njano: kina unga unga wa kijivu. Akafungua cha kijani: vumbi la kahawia. Akafungua cha bluu: cheusi! Watu wakaguna.

"Mnaona?" Dobi akamsogelea Fundi Magari, akakipepea puani pake. "Hiki ndicho unachomlisha mume wangu. Wewe kijana huna baba? Injini imewashwa asubuhi mpaka mchana, inampelekea nani salamu? Mtu anakata roho kule ng'ambo kwa sababu yako!"

Fundi Magari akatazama viatu vyake. "Bibi, injini nyingine zikizimwa haziwaki tena..."

"Na yeye akizimika atawaka tena?"

Hapo alipigiwa makofi. Laiti angekwenda nyumbani na makofi hayo! Lakini mwanamke mwenye kiburi haondoki akiwa bado ana kitambaa kimoja kapuni.

"Na sasa," akasema, "tazameni nyumba ya mtu msafi."

Akafungua.

Kilikuwa cheusi kuliko cha gereji, cheusi kama tako la sufuria, tena kinanata, vidole vyake vikaacha alama.

"Mama," Mwenyekiti akasema kwa upole, "nadhani umechanganya."

Alitamani iwe hivyo. Lakini pembeni palikuwa na uzi mwekundu, na ushonaji ulikuwa wake mwenyewe. Basi Dobi akafanya alichokifanya, na ninaona haya kukiandika: akamnyooshea kidole Fundi Magari. "Umevuka barabara ukakipaka!"

"Bibi, mimi nikipaka kitu nakipaka grisi," kijana akajibu. "Hayo ni masizi. Au nilikuja na lori mgongoni nikalipumulisha dirishani kwenu, na mzee yupo ananitazama?"

Watu wakaanza kucheka kwa chini chini. Dobi akakileta kitambaa puani ili ajue ni uchafu gani, maana kwa madoa hadanganyiki. Alinusa mara moja tu, na damu ikamwishia usoni. Kilinuka viatu vilivyoungua.

Kutoka nyuma kabisa, Fundi Viatu, ambaye hana ubaya na mtu ila mdomo wake hauna mlango, akauliza, "Samahani, hizo si soli zangu hizo?"

Jamani, mtaa mzima ulilala chini kwa kicheko. Hata Mwenyekiti alishika tai yake akageukia ukutani. Dobi akajikaza kisabuni, akakunja vitambaa vyote vinne, akaondoka shingo imenyooka. Kapu akalisahau.

Nyumbani alimkuta mzee anafunga dirisha, maana moto wa pipa ulikuwa bado unafuka.

"Ulijua," akamwambia.

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Mwaka ule tulipopaka rangi chumba. Ukaniambia nishughulike na saa zangu." Akavuta pumzi, mluzi ukapita. "Mwaka uliofuata nikasema tena. Ukaniambia moshi unaua mbu."

Dobi alikumbuka yote mawili. Alikumbuka hata jinsi alivyocheka. Akatoka nje, akachukua ndoo ya maji ya kusuuzia, akaimwaga yote motoni, mashuka ya wateja yakiwa pipani hayajaiva. Kisha akaketi juu ya gunia la soli. Jumapili ilikuwa imebaki siku tano.

Kilichofuata ndicho kilichomwuma kuliko vyote. Pipa lilitakiwa kuhamishwa mpaka mwisho wa ua, mbali na madirisha ya kila mtu, lijengewe jiko la matofali lenye mlango, na bomba refu la kupandisha moshi juu ya mapaa. Matofali alikuwa nayo. Bomba hakuwa nalo. Na mtaa mzima ni mtu mmoja tu mwenye mabomba na mashine ya kuchomelea.

Njia nzima alikuwa anapanga matusi, ili akifika asionekane anaomba.

"Sikuja kuomba radhi," alianza.

"Karibu, Bibi," akasema Fundi Magari.

"Nataka bomba."

"Bomba la moshi la lori? Lile lile linaloua watu?" Kijana akacheka mpaka akapaliwa na kikohozi kirefu kibaya, akashika ukuta.

Dobi akamsubiri amalize. "Cheka tu. Kitambaa chako kilikuwa cha pili kwa weusi. Na hicho kikohozi ninakifahamu, nimekaa nacho nyumba moja. Kilianza hivyo hivyo, kwa mzaha."

Fundi Magari akaacha kucheka. Akatazama lori lililokuwa linaunguruma nyuma yake bila dereva. Akaenda akalizima. Ukimya uliofuata ulikuwa mgeni kiasi kwamba wote wawili walisikia jogoo wa jirani.

Alichomelea mabomba matatu ya malori yaliyokufa, yakawa moja refu, akaja kulisimamisha mwenyewe. Ndiyo maana mpaka leo moshi wa Dobi unatokea kwenye bomba la lori, na watu wakipita wanauliza gari linaondoka saa ngapi.

Kuni zikawa kavu tupu, zimepasuliwa nyembamba, zimekaa chini ya bati. Moshi ukawa mchache. Soli zilirudi kwa mwenyewe. Jumamosi majirani walipokuja na takataka zao, walimkuta Dobi mlangoni na ufagio. "Maganda na majani, shimo lile pale, tutafukia. Plastiki, gunia lile, wakusanyaji watakuja. Anayetaka kuchoma akachomee kitandani kwake." Wakamwambia jana tu yeye ndiye alikuwa anachoma. Akawaambia jana ilikuwa jana.

Tena alikumbuka kumuuliza yule daktari binti habari ya pasi yake ya mkaa, safari hii akataja kila kitu mpaka wanga. Akaambiwa mkaa hautoi moshi wa kuonekana, lakini ndani ya chumba kilichofungwa unatoa sumu isiyonuka, inamlevya mtu na hata kumuua. Dobi alikuwa anapiga pasi madirisha yamefungwa ili vumbi lisiingie, na miaka kumi na moja alijifunga kitambaa kichwani kwa maumivu akisingizia ndugu za mumewe kwamba wanamroga. Alihamishia pasi barazani. Kichwa kikapona ndani ya wiki moja. Ndugu za mumewe bado hajawaomba radhi. Wasubiri.

Jumapili binti alifika na begi tupu la kupakia nguo za babake. Dobi alimpeleka dirishani, akamwonyesha kitambaa kipya chenye uzi mwekundu kilichokaa siku tano. Kilikuwa na vumbi kidogo tu la barabarani.

"Mama, kitambaa si daktari."

"Sijasema ni daktari."

"Umekifua."

"Mimi?" Dobi akahamaki, kisha akakumbuka yeye ni nani na amefanya nini barazani kwa Mwenyekiti. "Haya. Muulize babako."

"Hajakifua," mzee akasema. "Nimekilinda mwenyewe. Hata mimi nilimshuku."

Kesho yake wote watatu walikwenda zahanati. Daktari akasikiliza kifua muda mrefu, na Dobi akakaa kimya bila kuambiwa. Akasema mapafu yaliyoharibika hayarudi kuwa mapya, wasidanganyane, na dawa ya kuvuta itaendelea. Lakini mluzi umepungua, pumzi inashuka vizuri zaidi. "Abaki kwake. Aje hapa kila mwezi. Ila moshi ukirudi, Bibi, anaondoka siku hiyo hiyo."

Binti akafunga zipu ya begi likiwa tupu vile vile. "Nitakuwa nakuja bila kupiga hodi," akamwambia mamake.

Basi mzee yupo. Kupanda ngazi hawezi, na siku za baridi bado refa anapiga filimbi. Dirisha liko wazi kutwa. Dobi yuko huko mwisho wa ua na bomba lake la lori, na sasa akitaka kumgombeza lazima apige kelele, mtaa mzima unasikia.

"Unasemaje?" mzee anamjibu huku anatafuta kijiskrubu. "Toka huko sikusikii vizuri. Hewa safi ina faida nyingi."

Nimeandika, mkono unaniuma, na muuguzi asinijie tena. Sasa zamu yako wewe uliyekaa kwenye benchi unasoma. Nenda nyumbani, chana kitambaa cheupe, kichovye wanga, kitundike kwenye dirisha la chumba unacholala, siku saba. Usianze kwa jirani, anza kwako. Siku ya nane kilete hapa zahanati, nakuja kila mwezi na mzee wangu, nitakinusa nikwambie unachoma nini. Na usikifue kwanza. Nitajua.